Biskoti za Moto Mmoja

Nakumbuka, wanangu, upumbavu wangu wa kwanza katika ndoa: niliufunga mwenyewe ndani ya kopo, nikampa mume wangu, naye akanishukuru.

Tulikuwa na miezi miwili tu ya ndoa, hapa Tlawi. Yeye alikuwa tabibu aliyeletwa huku kutoka Lindi, na alikuwa amepangiwa kushuka bondeni, Yaeda Chini, siku kumi kuchanja watoto. Mimi, binti wa kidato cha nne ambaye mpaka leo safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi zizini, nikasema nitamfungia biskoti.

Biskoti nilifundishwa na sista mmoja Mwitaliano aliyekuwa anatufundisha mapishi wasichana wa parokia. Unga wa ngano wa Hanang, mayai, sukari, na karanga mahali pa lozi, maana lozi tulikuwa tunazisikia tu. Unakanda, unafinyanga kama gogo dogo, unalioka kwenye sufuria yenye mkaa chini na juu ya mfuniko. Likiiva unalikata vipande, halafu vipande vinarudi motoni mara ya pili mpaka vikauke kabisa. Hiyo mara ya pili sista aliirudia kutuambia mpaka tukachoka.

Sasa nilipokata vile vipande, nikaonja. Laini, vina mvuke, vinanukia. Nikajiuliza mtu anayempenda mumewe anawezaje kuvirudisha motoni viwe kama vigae. Nikajiona nina akili kuliko Italia nzima. Nikavipanga vivyo hivyo, vya moto, na kopo nikalibana mfuniko.

Mume wangu alikuwa ameshawatangazia wenzake kwamba ameoa fundi. Siku ya nne, huko bondeni, akalifungua kopo mbele yao: ukungu wa kijani, umesimama kama manyoya. Siku zilizobaki wakanywa chai tupu.

Aliporudi hakugomba, na ningefurahi zaidi kama angegomba. Aliweka kopo mezani, limeoshwa vizuri, akasema wiki inayofuata anashuka tena.

“Nilikusifia nikaonekana mwongo,” akasema. “Mke wangu, safari hii nisaidie nionekane mkweli.”

Nikaoka nyingine, nikazikausha mpaka zikawa zinagongana kwenye kopo kama kokoto. Alirudi na kopo tupu, na salamu za dereva wao, anauliza shemeji ataoka tena lini.

Kwa hiyo nyinyi mnaoniandikia kwenye simu kuomba vipimo, halafu mnauliza kama ile mara ya pili inaweza kurukwa, nisikilizeni. Ukifundishwa kazi, imalize kwanza kama ulivyofundishwa, ndipo uanze kuirekebisha. Na ukimfungia mtu chakula cha safari, usipime utamu huku umesimama jikoni kwako. Pima siku ya nne, huko aliko yeye. Huruma yangu ilimlaza na njaa mtu niliyempenda. Mungu awape mtu wa kumfungia safari, amtunze njiani, na amrudishe mlangoni kwenu akiwa anacheka.

Haya yote nimemsomea jirani yangu Mama Theresia, ambaye tunapakana naye tangu enzi hizo. Alichovya biskoti kwenye chai, akatafuna taratibu mpaka akamaliza, ndipo akasema:

“Huruma gani? Mkaa ulikuishia, kwangu ulikuwepo, ukaona uvivu kutoka nje na ile baridi.”