Usukani Umfikie Mama

Mama yangu alipofikia umri wa kukatazwa mambo, aliamua kujifunza kuendesha mashua ya tanga. Mashua yenyewe ilikuwa nusu yangu, nusu ya rafiki yangu, mwanamke wa Kinubi mwenye duka la vipuri vya magari Kisenyi. Tuliikuta imelala kifudifudi uani kwa watu waliokuwa wanahama, tukaziba nyufa zake, tukaipaka rangi ya samawati na kuipeleka Ggaba, kando ya ziwa. Tangu hapo mchana wa Jumapili ukawa wa ziwani.

Mama anakaa nami Ntinda. Alizaliwa Bukavu, akafanya ukunga kule na baadaye huku, na sauti yake bado ni ya mtu aliyezoea kuwaambia wenzake wasukume. Siku ya kwanza tulimkalisha katikati ya mashua, jaketi la kuokolea juu ya kitenge. Alinitazama kidogo tu ninavyoshika kana, ule mti unaotoka kwenye usukani na kuingia ndani ya mashua, kisha akasema, "Sasa mimi."

Lakini anayeshika kana yetu hukaa nyuma kabisa, magoti yamekaribia kidevu, na nyonga ya Mama, iliyofanyiwa upasuaji, haikuukubali mkao huo. Alijaribu, akakunja uso, akarudi katikati. Kutoka hapo alinyoosha mkono, ukaishia hewani.

"Basi urefusheni huo mti," alisema.

Hakukosea. Mashua nyingi za aina ile zina fimbo nyepesi iliyoungwa kwenye ncha ya kana, ili mwendeshaji akae mbali, hata aegemee nje upepo ukizidi. Yetu ilikuwa imepotea kabla hatujainunua, na sisi wawili tulikuwa tumeshazoea kuchuchumaa.

Mimi nilitaka mwanzi. Ni mwepesi, hauozi upesi, na ukianguka majini unaelea. Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia, kwa hiyo mashine ndogo za kutoboa ninazo, nikajiona ndiye fundi. Nilitoboa tundu la kwanza, mwanzi ukapasuka hadi katikati. Rafiki yangu akaleta bomba la chuma kutoka dukani kwake. Lilikuwa zito kiasi cha kuivuta kana chini, na mimi nikawaza litakavyompiga mtu utosini. Tukajaribu bomba la pazia. Mama aliliegemea kidogo tu, likapinda.

Mama aliinuka kwenye kochi sebuleni kwetu, akaenda chumbani, akarudi na mkongojo wake wa alumini.

"Huu unafanya nini kabatini?" aliuliza.

Niliuficha mwenyewe. Baada ya upasuaji aliutumia miezi mingi, na miezi hiyo hakuwa Mama ninayemjua. Alikuwa hazungumzi. Nilikuwa nausikia mkongojo ukigonga sakafu kutoka kitandani hadi dirishani, kisha kimya. Alipoweza kutembea bila msaada niliusukuma nyuma ya mablanketi, nikaomba nisiusikie tena.

"Usiutazame hivyo," alisema. "Ni bomba tu."

Rafiki yangu aliupima mkononi. Ulikuwa mwepesi, ulikuwa na mshikio mzuri, na ubavuni ulikuwa na vitundu vya kuurefusha na kuufupisha. "Kale," alisema, yaani sawa, "hii kitu imemaliza maneno."

Hakikuwa kimemaliza kila kitu. Jumamosi tuliupeleka Ggaba, mashua ikiwa juu ya mchanga, Mama ndani yake kama abiria. Tuliporefusha mkongojo hadi mwisho, ulikwama kwenye kamba ya tanga kila alipougeuza. Tulipoufupisha mno, alilazimika kuinama. Tundu la katikati ndilo lililompa nafasi ya kukaa wima na kuupitisha mbele ya kamba bila kugusa.

Kisha kiungo. Nilikuwa nimeuunga kwa bawaba, na nikajisifu. Mama aliusogeza kulia na kushoto, vizuri kabisa. Alipoinua mkono, ukagoma.

"Bega langu haliendi pande mbili tu," alisema.

Rafiki yangu akatoa kwenye mkoba kipande cha mpira mnene wa kupitishia mafuta ya gari. Tulisimamisha bolti juu ya kana, tukaivika mpira kwa upande mmoja, upande wa pili tukauingiza ndani ya mkongojo, tukakaza kwa klipu. Ndani tulipitisha kamba nyembamba na kuifunga huku na huku, ili mpira ukikatika mkongojo usitutoroke. Sasa ulizunguka kokote alikotaka.

Jumapili upepo ulikuwa wa wastani. Rafiki yangu alishika kamba ya tanga, mimi nikakaa karibu na Mama. Tatizo la kana ni kwamba ukiivuta huku, mashua inakwenda kule, na Mama alivuta alikotaka kwenda. Tukaelekea moja kwa moja kwenye mafunjo.

"Sukuma, Mama."

"Nasukuma."

"Unavuta."

"Mwanangu, neno hilo nimelisema kabla hujazaliwa," alijibu, akasukuma. Mashua ikageuka. Rafiki yangu alicheka mpaka kamba ikamponyoka.

Tulipofika mbali kidogo, upepo ulitupiga ubavuni ghafla na mashua ikalala upande. Mkono wangu ulikuwa tayari njiani, lakini Mama alishausukuma mkongojo polepole, pua ya mashua ikaukabili upepo, tukanyooka. Hakunitazama. Alikuwa anatazama tanga, mdomo umefunguka kidogo, na nilirudisha mkono wangu mapajani. Nikajifanya nakausha miwani.

Baadaye rafiki yangu alisema wateja wake wanaamka mapema, turudi.

"Bado kidogo," Mama alisema, akaendelea kuelekea maji mapana.

Alipoturudisha, aliipandisha mashua mchangani kwa kishindo kilichotumwaga sote mbele, kisha akauliza kama Jumamosi pia kuna upepo. Siku hizi mimi na rafiki yangu tunagombania kamba ya tanga. Anayeikosa anachota maji yanayoingia.