Mkwaju Katikati ya Namba

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikikuona umeinamia kompyuta yako, ni ile niliyokwenda kwa babu huko Mpepai nimevimba kichwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia Mbinga, na chama chetu cha ushirika kilikuwa kimepata kompyuta ya kwanza. Nikakabidhiwa mimi, kijana wa kozi fupi na maneno mengi.

Kila gunia lilikuwa na namba ya mlima anakoishi mkulima, alama ya mkwaju (/), kisha namba ya nyumba yake. Wachapaji walionitangulia walichomeka humo nyota, nukta na nafasi zisizo na kazi. Nikaiamuru mashine: chochote kisicho tarakimu, kiondoe. Kufumba na kufumbua, orodha ikawa safi.

Jioni tulikuwa kwenye sengu, wanaume wa ukoo tukila pamoja kwa babu. Nikajigamba kwamba sisi, 12/3, sasa ni 123 tu, na kesho orodha inakwenda mnadani.

Babu akaacha kutafuna. "Na shangazi yako wa mlima wa kwanza, nyumba ya ishirini na tatu, sasa ni nani?"

Nikarudisha tonge sahanini: 1/23 naye alikuwa amegeuka 123. Shangazi, mjane aliyechagua kahawa yake punje kwa punje ili ipate daraja la juu, nilikuwa nimemchanganya na sisi tulioanika yetu ovyo.

"Mjukuu wangu, tukilima ngoro, majani tuliyofyeka tunayatupa?"

"Hapana, Babu. Tunayalaza, tunayafukia, yanakuwa tuta kati ya shimo na shimo."

"Na ukiliondoa tuta?"

"Mvua inabeba udongo wote hadi ziwani."

"Haya, kula. Kesho ukalirudishe tuta."

Alfajiri nilirudi mbio Mbinga. Namshukuru Mungu, nakala ya awali ilikuwa kwenye disketi. Nyota na nukta nikazifuta, mkwaju nikauacha. Shangazi akapata daraja lake.

Kwa hiyo usifute alama kwa sababu tu inakuudhi, mwanangu. Uliza kwanza inatenganisha nini na nini. Tunza nakala, jaribu mistari michache, halafu tazama kama watu wawili hawajageuka mmoja.

Siku hizi kila mtu anakula kwake, mlango umefungwa. Babu amelala pembeni ya mibuni yake. Mashine yangu inanionyesha makosa kwa rangi nyekundu, lakini ninayemtamani ni yeye, aache kutafuna, anitazame.

Mungu akupe mikono isiyo na pupa. Na akupe mtu wa kula naye jioni, atakayekuuliza kabla hujatuma.