Utani wa Dereva wa Bosi

Wasomaji wangu, nimetoka Bigwa kumzika mtani wangu, na nimerudi na hasira. Marehemu alikuwa Mluguru, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulitukanana kwa miaka bila kugombana. Nilipokuwa karani wa kiwanda kidogo cha biskuti, kabla sijaanza kuandika safu hii, yeye alikuwa dereva wa bosi. Yote yaliyosemwa kwenye kiti cha nyuma aliyasikia, nasi tulilijua hilo, ndiyo maana tulimtegea sikio.

Mashine zilipoanza kuzimwa moja moja na mishahara kuchelewa, hofu ilituingia. Yeye akaja kantini amekunja uso. "Jamani, kiwanda kimeshafariki. Tunawasubiri ndugu wa mbali tu wafike, tuzike." Tulicheka hadi machozi. Nikajiambia dereva wa bosi asingetania hivyo kama mambo yangekuwa mabaya kweli. Jioni ile nikampigia shemeji yangu wa Dodoma, nikaikataa kazi aliyonitafutia. Haukupita muda, ndugu wa mbali wakafika: wanunuzi wa vyuma chakavu. Geti likafungwa. Sisi tukizunguka Mwembesongo kutafuta vibarua, mwenzetu alikuwa anavuna kabichi mlimani. Kabichi haijioteshi. Alijua, akapanda, akatuachia kicheko.

Mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote na hakuna wa kununa. Basi jeneza lilipotolewa nikalala mlangoni. "Hapiti mtu," nikasema. "Aamke kwanza anieleze kwa nini alinificha." Waombolezaji wakacheka, wakadhani natimiza wajibu wangu. Nilikuwa namaanisha kila neno. Mjane akainama karibu yangu, naye hakucheka.

"Mtani, hakukuficha. Alikatazwa kusema, angefukuzwa. Siku ile alirudi akaniambia, nimewaambia wote, wamecheka."

Nikanyanyuka, nikawapisha. Lakini bado nasema alinisaliti. Siku hizi tunatania kila kitu, bei ya unga, mikopo, kazi zinazoota mbawa, na sioni ubaya, kicheko kinatusaidia kupata usingizi. Ila yeye alinikuta mezani peke yangu mara nyingi. Angefunga mlango, akaniambia bila kucheka, ningekwenda Dodoma. Ukiwa na habari ya kumwokoa mwenzako, mwambie kavu kavu. Utani mtaufanya msibani.