Koti Alilomchagulia Rugaba

Watu wa kanisa letu hapa West Side, Buffalo, wanamjua Kostansia kama mwanamke mtaratibu. Kazi yake ni kuwahudumia wazee katika nyumba moja kule Kenmore. Anawaogesha, anawalisha, anawakata kucha, na hata wale wanaomtukana anawafunika blanketi kabla hajaondoka. Ndiyo maana tulipokuja kusikia alichomfanyia Mzee Rugaba, wengi walisema haiwezekani. Mimi nilisema inawezekana kabisa, kwa sababu nilimjua Ntwari.

Ntwari ni mdogo wake. Wazazi wao walikufa katika milima ya Itombwe mtoto akiwa bado ananyonya, na Kostansia, mwenyewe msichana tu, ndiye aliyemfunga mgongoni akashuka naye hadi kambini Burundi. Walipoletwa Marekani walifikia Louisville. Huko Ntwari akajifunza gitaa, akawa anaipigia kwaya, na akampenda Umuhoza, binti aliyekuwa akiimba safu ya mbele. Uchumba ukakubaliwa na pande zote. Kostansia alipohamia Buffalo kufuata kazi, Ntwari akaja naye ili ajipange kabla ya harusi.

Ilikuwa baridi yao ya kwanza Buffalo pale Rugaba alipokuja kubisha hodi. Rugaba ni kiongozi wa wanaume kanisani, mtu mwenye kifua na sauti, ameishi hapa muda mrefu kuliko wengi wetu. Kila ziwa linapoganda yeye huenda kuvua. Unatoboa barafu kwa kekee ndefu, unakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, unashusha uzi ndani ya tundu na kungoja.

"Nipe huyu kijana leo," alimwambia Kostansia. "Nimufundishe uanaume ya huku."

"Mzee, hana nguo za ziwani. Ana hii jaketi tu."

"Bon, Mama Isaro, unamulea kama yai. Sisi batu ya milima hatuogopake baridi."

Isaro ni binti wa Kostansia, na kwa jina la mtoto ndivyo watu wazima wanavyomwita. Kostansia hakubisha tena, kwa kuwa Rugaba ni mkubwa na walikuwa wageni mjini. Ntwari akatoka amevaa suruali ya jinzi, sweta ya pamba, jaketi jembamba alilopewa walipofika nchi hii, na glavu za kufuma.

Siku ile samaki walikula sana. Kila alipochomoa mmoja, glavu za Ntwari zililowa zaidi, kisha zikaanza kuganda. Alipoomba warudi, Rugaba alimwambia abaki alinde vifaa, yeye anaenda kuwasha gari lipate joto. Hakuwasha gari. Aliwakuta rafiki zake ufukweni, akaingia nao mkahawani kunywa supu, akawavunja mbavu kwa habari za kijana wa milimani anayetetemeka juu ya ndoo. Ntwari alikuwa amelelewa kuwatii wakubwa. Akavilinda vifaa.

Walipomrudia, vidole vyake vilikuwa vyeupe na vigumu kama mishumaa. Hospitali walijaribu walivyoweza. Mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi za gitaa, ukabakiwa na kidole gumba na kile cha mwisho.

Hayo labda Kostansia angeyameza. Kilichomkaa kooni ni maneno. Rugaba aliwaambia watu kwamba alimpa kijana glavu zake mwenyewe naye akazikataa, na kwamba kijana alikuwa amelewa. Amelewa! Ntwari, ambaye hata soda ilimpa kiungulia. Simu zikapigwa kutoka mji hadi mji, na habari ikafika Louisville. Wazazi wa Umuhoza, walokole wasiovumilia hata harufu ya bia, wakavunja uchumba. Ntwari hakujitetea. Alihamia Columbus, eneo la Northland, akapata kazi ya kupanga mizigo katika ghala, na kati ya watu wote wa Buffalo akawa anapokea simu ya dada yake peke yake.

"Yaya, achana naye," alimwambia. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

"Nimesikia," Kostansia alijibu. Hakusema ameacha.

Vuli ilipofika, aliingia katika duka la wavuvi lililoko njiani kwake kutoka kazini. Muuzaji alikuwa bibi wa Kizungu mwenye sauti ya kukwaruza, mtu aliyevua kwenye barafu tangu utotoni. Alimtazama Kostansia, akamuuliza atavua wapi. Bandarini, alijibiwa. Bibi akaanza kumvuta kutoka rafu hadi rafu.

Cha kwanza ni kinachogusa ngozi, alisema, nacho kiwe cha sufu, kwa sababu sufu hata ikilowa bado inakupa joto. Juu yake sweta nene lenye manyoya. Juu kabisa, suti ya kuzuia upepo na maji, yenye sponji ndani, ambayo barafu ikipasuka itakuinua juu ya maji badala ya kukuzamisha. Buti zizidi mguu wako kwa namba moja, ili soksi nene zipate nafasi na damu iweze kutembea. Mikononi vaa glavu nyembamba za kufanyia kazi, halafu juu yake zile zisizotenganisha vidole, maana vidole vikikaa pamoja vinapashana moto.

Kostansia alijaribu kila kitu mbele ya kioo. Aliinama, akachuchumaa, akainua mikono kuona kama mgongo unabaki wazi. Kisha akauliza swali alilokuja nalo.

"Na mtu asiyejua, huwa anakosea wapi?"

Bibi alicheka. Alisema watu hununua kinachopendeza. Hununua koti la manyoya ya bata lililovimba vizuri, wasijue kwamba likinyeshewa linalala kama kuku aliyenyonyolewa. Huvaa jinzi na soksi za pamba, na pamba ikilowa inanyonya joto la mwili wote. Hununua buti za kuwabana, wakidhani kubana ndiko kupata joto.

"Asante, mama," Kostansia alisema. Alilipia vitu vyake, akavipeleka garini, kisha akaendesha hadi kwenye maduka makubwa.

Huko alitembea polepole kati ya makoti ya wanaume, kama mtu anayemchagulia mume. Aliyabonyeza. Aliyasogeza kwenye mwanga. Alilowesha kidole mate, akakipitisha juu ya vitambaa aone ni kipi kinanyonya haraka. Mwisho alipata alilotaka, koti la manyoya ya bata, rangi ya divai, lenye kola ya kumeremeta, la kumfanya mwanaume aonekane waziri. Akaongeza buti za ngozi, namba ileile ya Rugaba bila kuzidisha hata nukta, na soksi za pamba nzuri nyeupe. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kununua kitu kwa furaha kama ile.

Zawadi aliitoa kanisani, mbele ya watu, siku ya kuwashukuru viongozi. Alisema familia yake haina kinyongo. Ulimi haukumkwama. Rugaba alilivaa koti palepale, akazunguka, akina mama wakapiga vigelegele.

"Mama Isaro, donc wewe ni Mukristo wa kweli," alisema.

"Barafu ikishika, Mzee, nitakupeleka kuvua. Mimi ndiye nitakayeendesha. Ila uvae hilo koti, nataka nikupige picha, Ntwari aone."

"Mimi? Ntakosaje kuvaa!"

Januari ziwa likaganda. Kostansia alichagua siku kwa makini kama alivyochagua nguo. Utabiri ulisema asubuhi itakuwa mvua iliyochanganyika na theluji, mchana upepo utageuka na baridi kali itashuka. Alimfuata Rugaba nyumbani kwake. Mzee alishuka ngazi amependeza kweli, koti limevimba, buti mpya miguuni, jinzi imepigwa pasi, nguo zake za kuvulia ameziacha ndani kwa ajili ya picha. Aliitazama suti ya Kostansia, nene na ya kijivu, akacheka.

"Umevaa kama mufuko ya makaa!"

Kostansia naye akacheka.

Walikwenda mbali, nyuma ya ukuta wa mawe unaozuia mawimbi, pasipo na wavuvi wengine. Rugaba alipiga magoti kutoboa barafu, na maji ya tundu yakalowesha jinzi yake. Mvua-theluji ikaanza. Koti la divai likalowa mabegani, likashuka, likamshika mwili. Mara upepo ukageuka. Kostansia alisikia suti yake ikigongwa na upepo kama hema, lakini ndani alikuwa na joto, joto la mtu aliyekaa karibu na jiko.

"Mama Isaro," Rugaba alisema baada ya muda, "twende ku motokari. Miguu siko naisikia."

"Ngoja kidogo. Samaki wanakula."

Akangoja. Meno yake yakaanza kugongana.

"Bon, leta funguo niende peke yangu."

Kostansia alifunga zipu ya mfuko wenye funguo.

"Wewe kaa hapo," alisema. "Ulinde vifaa."

Rugaba alimtazama. Hapo ndipo alipoelewa. Alijitazama buti, akatazama mikono ya koti iliyonata mwilini, kisha akarudisha macho kwa yule mwanamke. Alisimama ili amnyang'anye, lakini miguu haikumbeba na vidole havikukunjika. Akaanguka kwa magoti. Alitukana. Kisha akabembeleza.

"Ntwari alikunywa nini siku ile?" Kostansia aliuliza.

Rugaba aligeuza uso upande wa ufukwe.

"Nimekuuliza, Mzee. Alikunywa nini?"

"Hakukunywa kitu."

"Na glavu zako ulimpa?"

"Hapana."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakunywa supu." Alianza kulia. "Mama, nilitaka tu kuchekesha batu. Nikajisahau. Nitasema kanisani. Nitasema kwa bote. Unisaidie."

Hilo ndilo Kostansia alilokuwa akilitafuta mwaka mzima. Angeweza kusimama. Hakusimama. Alirudisha uzi wake majini, akachomoa samaki, akamtoa ndoana taratibu na kumweka kwenye ndoo. Alitaka yule mtu akae mahali pale akijua hakuna anayekuja.

Kilichomwinua si huruma, aliniambia, asingetaka nimdhanie mema. Ni kwamba Rugaba aliacha kutetemeka. Akatabasamu, akaanza kuongea na mtu asiyekuwapo, na mikono yake ikawa inahangaika na zipu ya koti, anataka kulivua. Kostansia amewaona wazee wakielekea kufa. Aliijua sura ile. Alimvua lile koti, akamvalisha sweta lake mwenyewe na glavu zake, akamlaza juu ya sleji waliyoburutia vifaa na kumburuta mpaka ufukweni huku akimwita jina lake asilale.

Ndani ya gari, damu iliporudi vidoleni, Rugaba alipiga kelele kama mtoto. Kostansia aliendesha kuelekea hospitali bila kuwasha redio. Alitaka kusikia.

Vidole vya mikono vilipona. Kidole kimoja cha mguu hakikupona. Jumapili aliyoweza kutembea, Rugaba alisimama mbele yetu akiegemea fimbo, akasema Ntwari hakulewa, hakupewa glavu, na aliachwa. Hakusema neno juu ya koti. Kostansia ndiye aliyelisema. Alisimama, akasema, "Na mimi nilimwacha. Nguo zile nilimchagulia nikijua." Mchungaji akamuuliza kama anatubu. Akajibu kwamba bado, akakaa.

Wapo waliotaka atengwe. Wapo waliompelekea mchele na maharage nyumbani kimyakimya. Kutoka Louisville babake Umuhoza alipiga simu kuomba msamaha, lakini binti alishaolewa, ana mimba, na Kostansia alimwambia tu kwamba salamu zimefika.

Ntwari alipiga jioni hiyohiyo, habari zikiwa zimemfikia kupitia Louisville.

"Alipokubali kosa, uliinuka papo hapo?"

"Hapana."

"Kwa nini, yaya?"

"Nilitaka akae kidogo pale ulipokaa."

Ntwari akauliza, "Alilia?"

"Ziwani, halafu zaidi garini. Damu iliporudi."

"Pale panauma," Ntwari alisema polepole. "Pale ndipo panauma kuliko pote." Kostansia alisikia akivuta pumzi. "Lakini mimi sikukuomba, yaya. Ukikaa na hilo, ukae nalo wewe. Usiliweke juu ya mkono wangu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote ya mchungaji. Hata hivyo hakusema anajuta, wala mpaka leo hajasema. Rugaba alihamia kanisa lingine, ila mji wetu ni mdogo, na wote wawili hununua unga wa muhogo katika duka moja. Akimwona, Kostansia hasogei pembeni. Humsubiri afike, kisha humwamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mzee. Mguu unaendeleaje?"

"Mzuri, mama," hujibu Rugaba, macho chini.

"Haya," husema Kostansia, na huenda zake na unga wake, taratibu, bila kugeuka.