Jeep Yangu Ilivyokunywa Kasiksi ya Mahari

Nimekaa miaka miwili bila kusimulia jambo hili kwa aibu, na leo nalisema kwa sababu tu shangazi yangu Kavira analisimulia vibaya katika kila msiba, eti mimi nililia. Sikulia. Lilikuwa jasho, na mkinisikiliza mtaelewa lilitoka wapi.

Wakati ule nilikuwa nimenunua jeep, si zile kubwa za mashirika wala si kigari kidogo, ile ya katikati ambayo mtu wa Goma akiinunua ikiwa imeshatumika huko Dubai anadhani amemaliza, kumbe ndiyo kwanza anaanza (barabara zetu za mawe ya volkano leo zinakula amortisa, kesho rotile, keshokutwa kitu kinagonga chini na fundi naye hajui ni nini, anakwambia zima redio kwanza asikilize vizuri). Vioo vilikuwa havishuki tena, mota zake zote zilikufa, tukavibana na vipande vya ubao. Na radiateri ilikuwa inavuja. Fundi wangu, Papa Deo, alifungua kapo, yaani boneti, akanionyesha kwa kidole, akasema: "Iyi radiateri ilishachoka. Badirisha, ao siku moja itakupatisha haya mbele ya batu."

Nikamwambia nitabadilisha. Kisha nikachukua pesa zile zile nikanunua vifuniko vya viti, vya ngozi nyeusi vyenye uzi mwekundu. Ndilo kosa langu lote, mengine yalifuata yenyewe. Lakini mnielewe, Jumamosi ile tulikuwa tunapeleka mahari kwa kina Esperance, na wakwe huchungulia viti, nani amewahi kuchungulia radiateri?

Kwa kina Esperance ni Munigi. Baba yake, muzee Bauma, mtu wa Masisi, mrefu, asiye na haraka ya kucheka, alisema tufike saa nne kamili na tusikose kitu. Hakuwa anatania. Mchumba wa dada yake Esperance alifika na mbuzi wote lakini bila pombe, na kwa muzee yule pombe ndiyo inayofungua mazungumzo, isipokuwepo hakuna anayekusikiliza, basi akarudishwa na mbuzi wake, na yule dada akaolewa na mwingine. Mimi nilimpenda Esperance mpaka nikawa silali usingizi.

Kwa kawaida mwoaji hashiki usukani siku hiyo, lakini ile jeep ilikuwa na tabia zake ambazo mimi tu nilizijua, basi nikaendesha. Pembeni yangu alikaa baba mdogo Kambale, msemaji wetu, ndani ya suti na tai. Kiti cha nyuma shangazi Kavira na wazee wawili wa ukoo. Na nyuma kabisa bidoni mbili za kasiksi, pombe ya ndizi ambayo shangazi aliitengeneza kwa mikono yake na kuionja (mara nyingi kuliko ilivyohitajika). Mbuzi walikuwa wametangulia.

Kutoka Keshero ninakokaa mpaka Munigi si safari. Lakini ni kupanda, na tulikuwa watano wazito. Hatujafika nusu, mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu. Nilijua dawa moja: ukifungulia shofaji, ile hewa ya moto ya ndani ya gari, inanyonya joto la injini. Nikaifungulia mpaka mwisho bila kumwambia mtu. Sasa fikirieni wenyewe, vioo havishuki, suti za sufu, ngozi mpya inanuka na kunata kwenye suruali, na moto unawapuliza usoni. Wazee wakaanza kuvua, kwanza makoti, kisha tai, kisha viatu, na shangazi akawa anaimba polepole wimbo wa kuzika. Baba mdogo, aliyekuwa anakariri hotuba yake, alisahau jina langu.

"Paluku," akasema alipolikumbuka, "unatupeleka kuomba bibi ao unatupika?"

Nikamjibu ni joto la volkano, si tunaikaribia.

Kwenye mlima wenyewe moshi ukatoka mbele, gari likakohoa, likasimama. Ilibaki robo saa. Radiateri ilikuwa kavu. Ziwa zima la Kivu liko nyuma yetu, limejaa, linang'aa, na pale tulipo ni mawe meusi matupu, maji hupandishwa kwa bidoni. Nyumba ya karibu ilikuwa na tangi lakini limefungwa kufuli na mwenyewe hayupo. Mtu wa pikipiki alipunguza mwendo, akawatazama wazee wangu waliosimama peku barabarani, akauliza kwa huruma kama tumeibiwa.

Shangazi ndiye aliyekata shauri. "Kasiksi ni maji tu yenye ilipita mu ndizi," akasema. "Mimina, saa iko naenda."

Tulikubaliana bidoni moja tu, ya pili ya wakwe. Radiateri ikanywa ya kwanza yote na kuivujisha nusu chini, tukaiongeza nusu ya pili, kisha tukaona nusu iliyobaki kuipeleka mbele ya muzee Bauma ni kumtukana, heri tuimalize tuwahi saa (ukiwa na moto kichwani mahesabu ya namna hii yanaingia vizuri sana). Gari likawaka. Tena lilipanda vizuri, isipokuwa shofaji sasa ilipuliza harufu ya kilabu cha pombe.

Tukaingia uani saa nne kamili. Wageni wameketi, akina mama wanapiga vigelegele. Nikakanyaga breki, kifuniko cha radiateri kikaruka, povu la kahawia likatoka chini ya kapo likamwagika juu ya taa na magurudumu. Vigelegele vikakoma. Milango ikafunguka wakatoka wazee watatu viatu mkononi, wameloa, wananuka pombe, na shangazi amejifunga tai ya baba mdogo kichwani.

Muzee Bauma hakusalimia. "Pombe iko wapi?"

"Muzee," baba mdogo akajibu, "pombe iko ndani ya jeep."

"Muilete."

"Iko ndani sana."

Kila mtu alidhani tumeinywa njiani, na kwa harufu ile hata mimi ningedhani hivyo. Mdogo wake muzee alishaanza kufungua kamba za mbuzi ili aturudishie. Nikajifuta jasho machoni, na shangazi akaniona. Wakati huo kondoo wa nyumba akaja, akalamba povu, akalamba tena, akaketi chini, akasimama, akaegemea gurudumu kama amemaliza kazi ya wiki. Muzee akamtazama kondoo, akatazama jeep, kisha akaniuliza mimi, ingawa mwoaji haulizwi kitu siku hiyo: "Ulijua kama iyi gari ni mugonjwa?"

Baba mdogo akanifinya niseme hapana. Lakini Esperance alikuwa dirishani, mkono mdomoni, nikashindwa kudanganya mbele yake. Nikasema nilijua, fundi aliniambia, nikanunua vifuniko vya viti.

Muzee akaenda mlangoni, akavichungulia muda mrefu. "Ni vizuri," akasema. Kisha akageuka. "Ule wa kwanza aliniambia pombe ilimwangika mu njia. Wewe unaniambia ulinywesha gari. Muketi. Lakini mutoto wangu hatapanda mu iki kitu mupaka mimi mwenyewe nifungue kapo."

Wengi walicheka, mimi sikucheka. Siku ya harusi kweli alikagua, ndani ya suti yake, bibi harusi ameshika shela yake anasubiri, na Papa Deo alikuwa ameshatumia siku mbili kuosha mabomba yaliyojaa sukari huku nyuki wakimzunguka.

Radiateri sasa ni mpya. Nimeapa fundi akisema badilisha nabadilisha siku ile ile, hata tukikalia mbao. Haijasaidia. Jumapili muzee akija kwetu hapigi hodi mlangoni, anagonga kapo mara mbili, natoka kumfungulia, anainama, ananusa, na ndipo anauliza kama mwanae ameamka salama.