Migongo Miwili Uwanjani

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini, yeye anajifunika kitenge kichwani, na kila mmoja anapita kana kwamba mwenzake hayupo. Hamli pamoja, hamzungumzi. Likitokea jambo, anatumwa mtu. Nimecheka mambo mengi ya wazee wangu, lakini hilo sikuwahi kulicheka. Kwa hiyo siku ile ya mchezo wetu nilipomwona mama mkwe wangu amekaa nyuma kabisa, kati ya wanawake wa mtaa wa reli, nilijiambia amekuja kwa sababu watu wote wamekuja. Nikageuza macho.

Mke wangu alikuwa kwa wazazi wake, wiki ya tatu. Nilikuwa nimekaa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, mwezi mmoja na nusu nikifanya mazoezi na waigizaji wa Zambia, na niliporudi kwetu Kamina, Kongo, nilikuta nyumba imefagiwa, sufuria zimepangwa, na mtu hayumo. Mtoto wetu aliugua homa nikiwa huko. Hilo nililijua, na nilidhani ameondoka kwa hilo tu. Nilimtuma shangazi yangu mara mbili. Kaka za mke wangu walijibu, "Angojee." Nilitaka arudi. Hata mchezo wenyewe sikuutaka sana, lakini wageni wa Kitwe walikuwa wamefika na mabenchi ya shule yameshatolewa nje.

Mchezo wetu hauna maandishi. Watu wanatupa kisa, sisi tunakiingia papo hapo. Mtazamaji asiyeridhika anapiga kofi moja, anasimama, anachukua nafasi ya mwigizaji anayemtaka. Sharti ni moja tu: ulichopewa usikikatae. Ukiitwa mwizi, wewe ni mwizi. Sharti hilo tulifundishwa na mwenzetu wa Kitwe, mwanamke mchangamfu mwenye Kibemba chake na Kiswahili cha kuokoteza, na mimi nililisifu mpaka nikachosha watu.

Mwenzetu huyo aliwaomba watu kisa. Mke wa mwanajeshi kutoka kambini akapendekeza ugomvi wa maji. Sauti nyingine, upande wa wanawake wa reli, ikasema, "Bwana iko ng'ambo, mutoto anagonjwa." Watu wakaitikia hicho. Ningeweza kusema tuanze na maji. Kiburi cha kazi kikanishika, nikaingia.

Mwenzetu wa Kitwe akawa mke, mimi nikawa bwana anayerudi na mabegi. Alininunia, nikamchekesha. Nikatoa begini zawadi isiyokuwepo, nikaeleza kwamba kazi ya ng'ambo ni ngumu na simu zinazimwa wakati wa kazi. Watu walicheka sana, nami nikazidi kunogewa.

Kofi likapigwa huko nyuma, moja.

Sikuhitaji kutazama. Kicheko kilikatika uwanja mzima, na vichwa vikageuka kwangu, si kwake. Mwenzetu peke yake hakuelewa. Nyumbani kwao mjini mambo haya yameshaachwa. Alifurahi, akasema, "Bamayo, mama, karibu, karibu," akafungua kitenge cha mchezo kiunoni mwake na kumpa mama mkwe wangu. Nilisikia ndala zikija mchangani. Nikaugeukia ukuta wa shule, nikachuchumaa. Nasema kweli, nilitaka kukimbia. Lakini kaka za mke wangu walikuwa pale, na kukimbia kungekuwa kumkimbia dada yao mara ya pili.

Niliambiwa baadaye kwamba naye alinipa mgongo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayechambua mboga.

"Bwana yangu, umerudia."

Uwanja uliguna. Mama mkwe kumwita mkwewe bwana yangu! Hata mlevi hawezi.

"Nalikuita ku telefone asubui, nalikuita mangaribi," akaendelea. "Mutoto alikuwa moto. Nikamubeba ku kinga, ile baiskeli yetu, nikaisukuma mpaka ku lopitali. Mu njia damu ikaanza kutoka. Nalikuwa na mimba, weye haukuijua, nalingojea urudie njo nikuambie. Ikatoka kulekule, na telefone yako iko imefungwa. Weye ulikuwa wapi?"

Sikujua kama hayo yalimpata binti yake kweli au ameongeza, kama mchezo unavyoruhusu. Nimuulize vipi, mimi nisiyeruhusiwa hata kumsalimia? Na sharti lilikuwa langu mwenyewe: ulichopewa usikikatae.

"Bibi yangu," nikauambia ukuta. "Nalikuwa ninachekesha bantu. Nalifunga telefone. Mutoto wetu wa mu tumbo alikufa, na minyi nalikuwa ninachekesha bantu."

Nililia. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini nilijisikia nikitulia kidogo kabla ya maneno ya mwisho, kama nilivyofundishwa, ili yasikike vizuri. Watu walipiga makofi. Nilipogeuka, kitenge cha mchezo kilikuwa kimekunjwa juu ya begi, naye anaondoka, kichwa amekifunika.

"Ile migongo," mwenzetu wa Kitwe akaninong'oneza, "nani aliwaza?"

Asubuhi nilikwenda kwa wakwe na kuku mkononi, maana anayevunja heshima ya ukwe haendi mikono mitupu. Mama mkwe wangu hakuonekana. Mlango wa jikoni ulirudishwa niliposalimia. Mke wangu alikuwa uani, mtoto amelala mgongoni mwake, akitoa vichwa vya samaki wakavu kutoka Kinkondja. Amekonda.

"Iko kweli?" nikamuuliza.

"Iko kweli."

Nikapiga magoti. Nikamwambia nilikuwa ninachekesha watu, nilifunga simu, mtoto wetu wa tumboni alikufa na mimi nilikuwa ninachekesha watu. Yeye aliendelea na samaki wake mpaka nikamaliza.

"Ile balishaniambia," akasema. "Bantu balipiga makofi. Sema ingine."

Kuku alikuwa akipapatika, nikamwachia. Nilitafuta, nikatafuta.

"Sina ingine," nikasema.

Alipangusa mikono, akanisukumia kigoda kwa mguu.

"Ikala," akasema. "Ikala mpaka uipate."