Nilimkataza Binti Yangu Kumwombea Kuku

Jamani, kosa ni langu, wala nisimsingizie shetani. Nilimziba mwanangu mdomo mbele za Mungu, na leo nalia peke yangu huku Shume.

Mimi ni mkulima wa viazi na kabichi, na nilikuwa mzee wa kanisa. Kwa sala nilikuwa hodari! Jumuiya ilipozunguka nyumba kwa nyumba, mimi ndiye niliyeitwa kufunga kwa sala, na Kiswahili changu kilimfanya hata mwinjilisti afumbue jicho moja.

Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alisali kwa Kishambaa cha jikoni. Mungu alimwita "Tate", yaani baba, vilevile alivyoniita mimi. Alimwomba kila kitu: kuni zishike moto, ukungu uondoke nguo zikauke. Mama yake alikuwa anacheka tu na kuitikia Amina.

Siku jumuiya ilipofika kwetu, mwinjilisti akamwambia mtoto atuombee. Akafumba macho. "Tate, kuku wetu analalia mayai. Usimsahau, kuna baridi." Akaanza na kumwelekeza Mungu kuku yuko kona ipi!

Watu wakacheka. Nikaona aibu, mtu mzima mimi. Nikamkatiza palepale: "Nyamaza! Mungu si wa kusumbuliwa na kuku. Kama huwezi kusema kwa adabu, kaa kimya!"

Akafumbua macho, akaniangalia. Nikaendelea mimi na Mwenyezi Mungu Mtukufu wangu.

Kuku aliangua vifaranga tisa. Mtoto hakusali tena kwa sauti, nami nikadhani ameshika adabu. Ujinga gani ule!

Mwaka jana mke wangu alifariki. Nyumba nzima ikabaki mimi na jiko. Nikapiga magoti, na yale maneno yangu makubwa yakagoma kutoka, hata moja! Nikampigia simu binti yangu, sasa ni mwalimu Tanga.

"Shikamoo, Baba." Tate aliiacha siku nyingi.

"Marahaba, mwanangu. Niombee. Mimi nimeshindwa."

"Baba, mimi siombi siku hizi. Maneno yako sikuyaweza, na ya kwangu ulisema ni usumbufu."

Wala hakusema kwa hasira. Afadhali angenigombeza!

Leo asubuhi kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu. Nikasema kwa sauti, mzee mzima, peke yangu: "Tate, kuni hazishiki." Nikaona haya, kisha nikalia. Nilingoja mtu aitikie. Nyumba yangu haina tena wa kuitikia.

Wazazi wenzangu, nawasihi! Mtoto akimwombea kuku, msimsahihishe. Semeni Amina.